Barafu ya Kibo ni shahidi mbovu

Ukianza mjadala wa ongezeko la joto duniani huku kwetu, dakika tano haziishi kabla Kilimanjaro haijatajwa. Mmoja atasema: tazama Kibo, barafu inakwisha, dunia inaungua. Mwenzake atacheka: si tuliambiwa mwisho wake ni 2020? Mbona leo alfajiri, mawingu hayajafunga, nimeiona nikiwa Moshi?

Utabiri huo ulikuwapo kweli. Lonnie Thompson, mtafiti wa barafu wa Marekani, alitoboa barafu ya Kibo mwaka 2000, na miaka miwili baadaye timu yake ikaandika kwamba ingetoweka kati ya 2015 na 2020. Haikutoweka. Ila anayecheka asiruke hesabu: mwaka 1912 barafu ilitanda kilomita za mraba 12 hivi, kufikia 2011 hazikufika hata 2.

Kupungua hakuna ubishi. Kazi ipo kwenye sababu. Watafiti wengine wa barafu, Georg Kaser, Thomas Mölg na wenzao, wanasema kule juu joto la wastani ni nyuzi 7 hivi chini ya sifuri, kwa hiyo barafu inaliwa zaidi na jua kali na ukavu: inageuka mvuke moja kwa moja bila kuwa maji kwanza. Sahau trei ya barafu kwenye friza miezi kadhaa uone. Vipande vinanywea, na friza haijazimwa hata siku moja. Tena Kibo ilianza kupungua mwishoni mwa karne ya 19, Afrika Mashariki ilipokauka, na magari duniani yakihesabika.

Thompson naye hakukosa jibu. Kwenye tabaka la juu kabisa alikuta vipovu vya hewa vilivyorefuka, dalili ya barafu iliyoyeyuka ikaganda tena. Tabaka za chini, za zamani zaidi, hazikuwa navyo.

Na wazee wa mlimani wanaosema ni ukataji miti? Kwa barafu, sina hakika kama hoja yao inatosha. Kwa mifongo, yaani mifereji ya kumwagilia mashamba, wako sahihi, maana maji ya Kilimanjaro yanatoka msituni kuliko kileleni.

Kwa hiyo mimi Kibo nisingeipandisha kizimbani. Anayetaka shahidi wa mlimani aende Mlima Kenya, kwenye barafu ya Lewis. Iko chini ya mita 5,000, karibu na nyuzi sifuri, joto likipanda kidogo tu inaonyesha. Imepimwa tangu 1934, na leo ni mabaki.

Lakini kesi yenyewe haikujengwa juu ya mlima wowote. Mwanasayansi John Tyndall alipima maabara London mwaka 1859 akaona hewa ukaa (kaboni dioksidi) na mvuke vinakamata joto, ilhali oksijeni na naitrojeni vinaliachia lipite. Kabla ya viwanda, kila chembe milioni za hewa zilikuwa na hewa ukaa kama 280. Mwanasayansi Charles Keeling alipoanza kuipima kwenye mlima Mauna Loa, Hawaii, mwaka 1958, zilikuwa 315. Sasa zimepita 420.

Imetoka wapi? Hapa ndipo ushahidi unaponikolea. Kaboni iko nyepesi na iko nzito kidogo; mimea hupendelea nyepesi, na makaa ya mawe na mafuta ni mimea na viumbe vya kale. Tukivichoma, kaboni ya angani inazidi kuwa nyepesi, na ndivyo vipimo vinavyoonyesha.

Wenye shaka wana mahali pao. Hewa ukaa ikiongezeka maradufu joto litapanda kiasi gani? Jopo la Umoja wa Mataifa la mabadiliko ya tabianchi lilisema mwaka 2021 kwamba yaelekea ni kati ya nyuzi 2.5 na 4, na hiyo ni tofauti kubwa. Ila wakisema ni jua, wanakwama. Jua lingekuwa ndilo mchawi, tabaka la juu la angahewa nalo lingepata joto. Limepoa, huku chini joto likipanda. Hilo ndilo jamaa yetu wa Moshi anatakiwa alieleze, na Kibo haimsaidii.