Mtunzi wa Dansi Mwenye Asili ya Asia Anadaiwa Nini?

Mwaka 2016 kikundi cha English National Ballet kilimkabidhi Akram Khan kazi ya kuitunga upya Giselle, baleti iliyozaliwa Paris mwaka 1841. Khan alizaliwa London mwaka 1974, wazazi wake wakiwa wametoka Bangladesh, akakulia katika kathak, dansi ya kaskazini mwa India inayochezwa peku huku njuga zikiwa zimefungwa vifundoni. Hakuwa mtu wa baleti. Wanakijiji wa hadithi ile akawageuza wahamiaji, vibarua wa kiwanda cha nguo waliofungiwa nje ya ukuta, na kazi hiyo ikapokewa vizuri sana. Pamoja na hayo, mpaka leo hutambulishwa kwanza kwa asili yake. Swali ninaloliona zito ni kama utambulisho huo unawafaa watunzi wa aina yake au unawabana.

Wanaoutetea wana hoja, na si ndogo. Kwa zaidi ya karne moja Asia ilikuwapo kwenye majukwaa ya Ulaya mara nyingi bila Waasia wenyewe. La Bayadère ya mwaka 1877 inasimulia habari za mcheza ngoma wa hekaluni India, lakini ilitungwa St Petersburg na ikachezwa na watu waliopakwa rangi. Katika baleti ya The Nutcracker, Mchina kwa miaka mingi alikuwa mtu wa kuinamainama na kusimamisha vidole viwili, watu wacheke. Ilipofika 2017 ndipo Phil Chan na Georgina Pazcoguin walipoanzisha kampeni New York kuyaomba makundi ya baleti yaachane na mizaha hiyo. Mtu asiyetajwa hahesabiwi, na asiyehesabiwa hapewi ruzuku wala jukwaa. Kwa hoja hii, jina la Asia ni mlango, na anayetaka uondolewe aonyeshe kwanza watu watapitia wapi.

Upande wa pili unauliza: Asia ipi? Butoh, dansi ya Kijapani, ilianzia Tokyo mwaka 1959, miili ikipakwa rangi nyeupe na kujikunja kwa mwendo wa taratibu mno. Kathak ni kasi ya nyayo na mizunguko inayokatika ghafla. Kuziweka katika kapu moja ni kurahisisha kazi ya anayepanga ratiba ya tamasha tu. Tena kapu hilo huja na masharti: mtunzi anategemewa alete hariri, miungu, na simulizi ya kutangatanga kati ya tamaduni mbili. Shobana Jeyasingh, mzaliwa wa Chennai aliyeanzisha kikundi chake London mwaka 1988, alitoka katika bharatanatyam, dansi ya kusini mwa India, na kuivunjavunja kwa miaka mingi. Mwaka 2015 akaigeukia La Bayadère yenyewe, akiwakumbusha watazamaji kwamba wacheza ngoma halisi kutoka India walifika Paris mwaka 1838 na kutazamwa kama maajabu.

Hapa ndipo ninapotofautiana na wale wanaosema mtunzi "amlinde babu yake", yaani aicheze mila kama alivyoipokea. Mila gani? Hiyo bharatanatyam tunayoiita ya kale ilipangwa upya katika miaka ya 1930. Rukmini Devi, mwanamke wa tabaka la Brahmin, alifungua chuo cha Kalakshetra mjini Madras, yaani Chennai ya leo, mwaka 1936 na kuipa dansi hiyo heshima ya kukubalika na familia za tabaka la juu. Wanawake wa hekaluni walioibeba kwa vizazi walibaki pembeni, na mwaka 1947 sheria ya Madras ikapiga marufuku desturi iliyowalea. Balasaraswati, aliyetoka katika ukoo wao, alipinga waziwazi kuondolewa kwa mapenzi ndani ya dansi ile. Kwa hiyo anayeshtaki kwamba mila inachafuliwa London aanzie Chennai.

Shinikizo halitoki Ulaya peke yake. Pichet Klunchun wa Thailand alifundishwa khon, dansi ya vinyago, tangu kijana. Alipoanza kuichambua mikao yake 59 ya msingi ili atunge kwa uhuru, walinzi wa mila nyumbani kwao walimwona mharibifu.

Ninachokiona mimi ni kwamba jina lina uzito mdogo kuliko chumba cha mazoezi. Mtazame Lin Hwai-min wa Taiwan. Alianzisha kikundi cha dansi cha Cloud Gate mwaka 1973, na baadaye akawafanya wachezaji wake wajifunze kutafakari, taichi na hata mwandiko wa brashi. Katika Songs of the Wanderers ya mwaka 1994, mtawa anasimama pembeni ya jukwaa karibu saa moja na nusu, viganja vimekutana, huku uzi mwembamba wa mpunga ukimdondokea utosini bila kukatika. Tani 3.5 za mpunga wa rangi ya dhahabu hutumika. Mwishoni mtu mmoja anauburuta kwa reki, polepole, duara ndani ya duara. Na nyimbo? Ni za kiasili za Georgia. Hakuna aliyemuuliza Lin kama hiyo ni Asia ya kutosha, kwa sababu alikuwa na nyumba yake na watazamaji wake. Ukumbi wa mazoezi ulipoungua mwaka 2008, michango ya watu ilisaidia kujenga mpya, uliofunguliwa mwaka 2015.

Cheng Tsung-lung alipompokea Lin uongozi wa Cloud Gate mwaka 2020, alikabidhiwa jengo, wachezaji wa kudumu na walimu. Kijana wa wazazi wa Kivietinamu anayetunga London au New York mara nyingi hupewa usiku mmoja katika msimu wa Asia, na majuma machache ya mazoezi na wachezaji wa kukodi.