Mwavuli Kati Yangu na Mama Mkwe

Kama wewe ni mkwe uliyelelewa vizuri, sheria unazijua. Kwa mama mkwe hukai kiti kimoja, huli sahani moja, na mkikutana njia nyembamba unaingia majanini apite. Walioziweka sheria hizo hawakuwahi kusafiri naye kutoka Nansio, kisiwani Ukerewe, hadi Nyakato, mjini Mwanza, mwishoni mwa masika.

Mke wangu alinituma Ukerewe nikamchukue mama yake, aje kumwona mjukuu. Ilikuwa Mei, na pale Nansio kila mtu alisema mvua zimekwisha. Mimi kwa mambo ya mvua huwatazama waanika dagaa. Mwanika dagaa pesa yake imelala mchangani. Mvua ikimkuta, mzigo unaishia kuwa chakula cha kuku. Siku hiyo ufukwe mzima ulikuwa umeanikwa, na wenyewe wako kivulini wanacheza drafti. Nikaridhika.

Usiku radi zikawa zinamulika mbali majini. Baba mkwe akatazama mara moja tu, akasema, "Hiyo ya ziwa, siyo yetu," akaingia kulala. Na kweli Ziwa Victoria lina mambo yake. Usiku nchi kavu inapoa upesi, maji yanabaki na joto, basi upepo unateremka kutoka pande zote na kukutana huko katikati. Hewa yenye unyevu inapanda, mawingu yanajengeka, na masika yawe yameisha au hayajaisha, ziwa linajipikia mvua yake. Tatizo ni kwamba asubuhi wakati mwingine linawagawia na majirani.

Tulipanda meli asubuhi na mzigo wa mama: gunia la machungwa, furushi la sato wakavu, na jogoo mwenye sura ya mwenyekiti wa kijiji aliyenyimwa posho. Mama alikaa mbele, mimi nyuma kabisa, adabu iko palepale. Kabla hatujaiona milima ya mawe ya Mwanza, anga likafunga. Tukashuka bandarini tunanyeshewa mvua ya kuaga, na mvua ya kuaga ina hasira kuliko ya kubisha hodi.

Bodaboda akatuwahi. "Mzee, pandeni wote, napiga mshikaki, na jogoo tunampata nafasi."

Mshikaki! Yaani nikae katikati, mama mkwe nyuma yangu, amenishika kiuno, tukatize mjini? Nikamwambia kijana yule asante, heri nirudi Nansio kwa kuogelea.

Tukachukua daladala. Mama akakaa mbele na dereva, mimi siti ya nyuma na jogoo mapajani. Mabatini gari likasimama. Mto Mirongo ulikuwa umetoka kwenye njia yake na kuingia barabarani. Mji wetu umejengwa juu ya mawe, maji hayana pa kunywea. Yakianguka mlimani yanashuka mbio yote kwa pamoja, yakiwa na ndala, chupa za plastiki na sufuria za watu. Konda akatangaza, "Mwisho wa gari hapa," kwa sauti ya mtu ambaye nauli ameshaikusanya.

Kumbe biashara ilikuwa imefunguliwa zamani. Vijana walikuwa wanavusha watu mgongoni. Dogo mmoja mwembamba, suruali ameikunja hadi mapajani, akamtazama mama mkwe juu hadi chini, kisha chini hadi juu, akasema kwa heshima, "Mama, watu wengine ni buku. Wewe itabidi iwe buku mbili."

"Buku," mama akajibu, na tayari alishapanda.

Mimi nikafuata nyuma, gunia begani, jogoo kwapani, mwavuli mkononi. Hatua za mwanzo zilikwenda vizuri. Katikati dogo akasimama. Miguu yake ikaanza kutetemeka, nikaona mgongo wa mama mkwe unarudi kwangu taratibu.

"Mzee, sukuma!" dogo akalia.

Nisukume wapi? Ndugu msomaji, fikiri mwenyewe. Kila mahali pa kushika palikuwa pamekatazwa na mababu. Nikakunja mwavuli, nikaweka ncha yake katikati ya mgongo, juu kidogo ya fundo la khanga, nikasukuma nikiwa nimegeuza uso pembeni.

"Mkwe, unanichoma!"

"Samahani, mama, ni kwa heshima!"

Watu waliopanga mstari ukingoni walishatoa simu. Ushauri ukamiminika. Mmoja akasema nitumie mikono, mwingine akasema mwacheni huyo, ni mkwe, na mama mmoja mwenye beseni la ndizi akapendekeza jogoo aje yeye asukume. Jogoo alipojisikia anatajwa, akapiga mabawa puani kwangu. Gunia likaniteleza, kamba ikafunguka, na machungwa ya Ukerewe yakasambaa mtoni yakielekea yalikotoka. Watoto wakaingia majini wakipiga vigelegele. Dogo akageuka kuyatazama. Hapo ndipo wote watatu tukaenda chini.

Nilipoibuka, mama mkwe alikuwa amesimama wima. Maji yalimfika magotini. Akayatazama kulia, akayatazama kushoto.

"Maji yenyewe ndiyo haya?"

Mwanamke amezaliwa kisiwani, amekua anachota maji ziwani mawimbi yakimpiga kifuani. Alimkamata dogo kwa ukosi, mimi akanishika mkono, ndiyo, mkono wenyewe, hadharani, akatuvuta hadi ng'ambo. Jogoo alikuwa ameshapanda kichwani kwake na hakuteremka.

Tulipofika pakavu dogo akahema, kisha akakumbuka kazi. "Mama, buku yangu."

"Umenibeba hadi wapi?"

"Hadi pale kati."

"Na kutoka pale kati, nani kambeba nani?"

Dogo akafikiri. Umati nao ukafikiri. Mwisho mama akatoa buku, akangoja, na dogo akamrudishia jero, tena kwa mikono miwili.

Nyakato tulifika tunachuruzika. Mke wangu akafungua mlango na simu mkononi. Video ilikuwa imetutangulia kwenye kundi la ukoo, shangazi zake wa Bunda walishaitazama. Akanionyesha kioo cha simu.

"Huyu unayemsukuma kwa mwavuli ni mama yangu?"

Nikamgeukia mama mkwe aniokoe. Alikuwa anamshusha jogoo kichwani.

"Mwache," akasema. "Adabu anayo. Ila mnunulieni mwavuli usio na ncha."