Gari Linagonga, Kila Mtu Fundi

Hivi jamani kuna sheria gani inasema gari likigonga huko chini basi kila mwenye masikio anakuwa fundi? Maana Toyota Spacio yangu ilivyoanza tu kulia ko, ko-ko kwenye matuta ya Tabata nilipewa ushauri mwingi kuliko hata siku nilipotangaza naoa. Mlinzi wa getini kazini, mtu hana hata baiskeli, aliinamisha kichwa nikiwa napita akasema "bosi hiyo shokapu." Jirani akasema shokapu haiwezi kulia hivyo, hiyo ni stabilaiza linki, kile kifimbo kinachosaidia gari lisiyumbe kwenye kona. Mjomba alipigiwa simu akaisikiliza kwa simu, KWA SIMU, akasema gari limefungwa kitu, niende nikalifanyie dua.

Mama watoto yeye dawa yake ni kuongeza sauti ya redio. Sawa, tukawa tunatembea na taarabu mpaka majirani wanajua tumerudi. Sasa siku tumempakia mama yake, kakaa siti ya mbele na kitenge chake kipya, tumefika kwenye lile tuta ambalo wananchi walijijengea wenyewe kwa udongo, gari likasema KO, bi mkubwa akashika dashibodi: "Baba, simama, kuna kitu kimedondoka." Nikamwambia hapana mama, hamna kilichodondoka, ni gari tu linaongea. Akanyamaza mpaka tuta linalofuata. KO-KO. "Basi baba nishushe hapa, mi ntapanda daladala." Na alishuka! Mama mkwe kashuka kwenye gari la mkwewe kapanda daladala, we unafikiri hiyo habari iliishia kituoni?

Ndo nikaanza safari ya mafundi. Na nikwambie nilichogundua, fundi wengi wa mjini hawasikilizi gari, wanasikiliza walichonacho stoo. Mwenye mzigo wa linki akasikia linki. Akazifunga mpya, tukaenda kuzijaribu, gari likapiga ko-ko kama kawaida, akaniangalia usoni bila aibu: "Si imepungua bosi?" Imepungua wapi? "Sikiliza vizuri bosi, imepungua." Yaani mpaka nikaanza kuyashuku masikio yangu mwenyewe. Mwingine akasema mauntingi, vile vishikizo vya injini. Halafu kuna kijana mmoja, huyo ndo alitaka kuniua kabisa, akashika stelingi akaichezesha kushoto kulia, akatoka nje, akavua kofia, akasema kwa masikitiko, "Bosi, raki." Raki ndo ule mtambo wa stelingi unaogeuza matairi ya mbele. Bei aliyonitajia ya raki na ufundi, nilianza kufikiria kile kiwanja changu cha Chanika.

Kitu kimoja tu kwa hao wote. Ovaroli zao mgongoni safi. Mbele nyeusi tii, mgongoni unaweza kusoma hata jina la kampuni. Hakuna hata mmoja aliyelala chini ya gari. Toka siku hiyo mi nikifika gereji sisalimii kwanza, nazunguka kuangalia mgongo.

Halafu nikisema labda ni bushi, ile mipira inayokaa kwenye maungio ya vyuma vya chini, nachekwa. "Aah bosi, bushi za Japani hazifi hizo." Hazifi? Hili gari nililiagiza likiwa limeshapita miaka 10, na gari la umri huo likiingia nchini unatozwa ushuru wa uchakavu asilimia 30, kwa hiyo mimi huo uchakavu nimeulipia kihalali na karatasi ninazo ndani. Serikali haijalala chini ya gari, haijashika spana, imeangalia mwaka tu ikajua hili limechakaa. We umeweka sikio kwenye boneti unaniambia bushi hazifi! Mpira huo umetengenezwa Japani kwenye lami ya kuteleza, ukaletwa huku kwenye rasta zinazokutetemesha mpaka meno, ukitoka kwenye rasta tuta, ukitoka kwenye tuta shimo, ukikwepa shimo unakutana na bodaboda anakuja kwenye upande wako na friji.

Na dalili nyingine zilikuwepo, sema hakuna aliyeniuliza. Ukishika breki kwenye mteremko gari linavuta kushoto, unashikilia stelingi kwa mikono miwili. Tairi la kushoto lilikuwa limeliwa kwa ndani mpaka limebaki kipara, ukiliangalia kwa nje unaona jipya. Nilipomwonyesha yule wa raki akasema "hilo tairi feki." Tairi feki linaliwa upande mmoja tu? Feki ya nusu?

Basi kuna mzee mmoja ana gereji chini ya mwembe huku Segerea, hana bango, hana kompyuta ya kupimia, ana jeki, magogo na vijana wawili. Nikafika, nikazunguka kuangalia mgongo. Mgongo mweusi. Nikasema hapa ndipo. "Shikamoo mzee." "Marahaba. Linagonga wapi?" "Nadhani kushoto." "Usidhani. Ingia ndani, rudi rivasi halafu kanyaga breki." Nikarudi, nikakanyaga. NGO! "Tena." NGO! "Nenda mbele kanyaga." NGO! Akawa ameinama pale kwenye tairi anaangalia linavyocheza ndani ya madigadi. Hakutaja shokapu, hakutaja raki, alisema tu "lete mtaimbo."

Gari likapigwa jeki, likawekewa magogo, mzee akaingia chini, na mimi nikaingia naye na shati langu la kazini kwenye ule udongo uliolishwa oili tangu enzi za Mwalimu, maana nilisema leo lazima nione kwa macho. Akanielekeza: hii ndo wishiboni, chuma kipana kimelala hapa, kwa ndani kimeshikwa na bushi mbili, ndogo mbele, kubwa nyuma, kwa nje kuna boljointi inashikana na tairi. Kazi yote ya kulizuia tairi lisiende mbele wala nyuma ukifunga breki iko hapa. Akachomeka mtaimbo kati ya wishiboni na krosimemba, lile fremu la chini ambalo wishiboni imefungwa, akasukuma taratibu. Chuma kikasogea! Ule mpira wa bushi ya nyuma ulikuwa umeachana na chuma karibu mzunguko wote, umebaki umeshika kipande kidogo tu kwa juu, akisukuma ufa unafunguka, akiachia unafumba, na kwenye ufa kumejaa mchanga, mchanga safi kabisa wa kupigia plasta. Upande wa boljointi kile kikofia cha mpira kimepasuka, grisi imeshahama siku nyingi, imebaki tope kavu la rangi ya kutu.

Akatoka chini akashika tairi juu na chini, akalitikisa. Tk, tk. Hiyo boljointi. Akalishika kushoto na kulia akalitikisa. Kimya. "Tairodi, huu mkono unaotoka kwenye raki kwenda kwenye tairi, nzima. Raki nzima." Raki nzima! Na kiwanja changu cha Chanika kizima! Akaenda na upande wa kulia, huko bushi ilikuwa haijaachana yote ila imeshaanza kuchanika. Akasema tunabadilisha zote mbili, na ile boljointi usiichezee, ikichomoka barabarani tairi linalala. Na kweli si mnayaona yale magari pembeni ya Barabara ya Mandela, tairi la mbele limelala ubavu, dereva kakata matawi ya mti kayapanga nyuma, yuko kwenye simu anajieleza. Mi nilikuwa nabeba mama mkwe humo.

Kufungua sasa. Nati za boljointi chini ni mbili na bolti moja, hizo zilikubali baada ya kupigiwa mafuta na matusi. Lakini ile bolti ya mbele ya wishiboni ya kushoto, imetoka vizuri, imefika katikati, ikagonga gia boksi ikakataa kuendelea. Haitoki mbele, hairudi nyuma. Aliyeibuni hiyo gari huko Japani sijui alimkosea nini fundi wa Segerea. Ikabidi injini ishikiliwe na jeki nyingine, krosimemba ilegezwe ishuke kidogo, na bolti ikatoka jioni giza linaingia. "Bosi," kijana akaniambia huku anafuta mikono, "kesho Kariakoo. Usisahau sampo."

Sampo! Nani alianzisha hii habari ya sampo? Nina chesisi namba, nina mwaka, nina picha kwenye simu, muuza spea hataki kusikia, anataka sampo. Na gari si liko juu ya magogo? Kwa hiyo mtu mzima na tai nilipanda daladala na wishiboni imefungwa kwenye gazeti, grisi imeshapenya gazeti, nimeipakata. Konda akaangalia: "Mzee huo mzigo una nauli." Nikamwambia nimepakata. "Mguu wake umekaa siti ya mwenzako." Nikageuka, kweli ile pembe ya chuma imemgusa dada wa watu kwenye gauni jeupe. Sitaki kuongelea yaliyofuata, nililipa nauli ya chuma na nikashuka kabla ya kituo changu.

Gerezani nikaingia duka la kwanza. "Unataka mtumba au mpya?" Mtumba si mbaya kwa vitu vingine, mlango, taa, sawa. Lakini akanitolea wishiboni inang'aa nyeusi, "Hii Japani bosi, haijawahi kuona tuta." Nikaibonyeza mpira kwa kucha. Rangi ikabanduka. Walipaka rangi mpaka kwenye mpira! Na chini ya rangi mipasuko ile ile ninayoikimbia. Mpira bwana hata ukilala stoo unazeeka tu, sasa niingie gharama ya kufungua krosimemba ili nibadilishe kikongwe kwa kikongwe? Nikasema nataka mpya, za boksi, na boljointi zake. Kijana akaikagua sampo yangu, akaigeuza, akapotea ndani, akarudi na mbili, akazipanga juu ya kaunta na ile yangu, zote tatu zimeangalia upande mmoja, akatabasamu: "Umeona? Fotokopi." Nikamwambia mdogo wangu, gari lina kushoto na kulia. Akasema "si umeleta sampo hii?" Nikamwambia ndiyo, ya kushoto. "Basi ya kulia ungeleta na yenyewe." Ilibidi aitwe mwenye duka.

Kufunga kulikuwa kwepesi, na hapo ndo pangeharibika. Mzee alikwenda kuswali alasiri, vijana wakawa wanafunga, gari bado liko juu, matairi yananing'inia, wakachukua spana na bomba refu wakakaza zile bolti za bushi mpaka mmoja kaning'inia kwenye bomba. Mzee anarudi, kanzu bado mwilini, akatupa jicho moja tu. "Nani kakaza?" Kila kijana akamwangalia mwenzake. "Legeza zote." Nikamuuliza mzee kwani kuna ubaya gani, si imekaza? Akasema bushi ukiikaza tairi linaning'inia, mpira unashika pale pale, gari likishuka chini chuma kinapanda na mpira unajipinda, unatembea umejipinda hivyo hivyo asubuhi mpaka jioni, baada ya muda mfupi umechanika, halafu mnasema spea mpya za siku hizi mbovu. Basi zikalegezwa, gari likateremshwa likasimama kwa miguu yake, akalikandamiza mbele mara kadhaa likapumua, ndo akaingia chini kwa kubanana, na kanzu ile ile jamani, akakaza lenyewe likiwa limebeba uzito wake. Sasa nikakumbuka wote walioniambia "mpya hazidumu, za Kichina hizo." Hazidumu, nyie mnazikazia hewani!

Alaimenti, yaani kupimwa matairi yakae sawa, nilifanya siku hiyo hiyo maana stelingi ilikuwa imeinama upande mmoja, na yule wa alaimenti kabla hata hajafunga mashine akasema "bosi hili gari naona lina shokapu." Nilimzungukia mgongoni, sikumjibu.

Lakini iliyoniudhi ni kabla sijaondoka kwa mzee. Kijana mmoja akaniambia kwa upole kabisa, "Bosi, hizi za zamani tutakutupia." Nikamwambia hapana, weka kwenye buti. "Za nini bosi? Vyuma chakavu hivi." Vyangu, nataka. "Bosi nikupe elfu tano zote." Weka kwenye buti. "Elfu kumi bosi, ya soda." Chuma chakavu gani kinapanda bei namna hiyo? Nikamuuliza, kopo la rangi nyeusi sasa hivi shilingi ngapi? Akacheka mpaka akakaa kwenye tairi. "Bosi na wewe!" Mzee huko ndani akasema kwa sauti, "Mpe mtu vyuma vyake."

Sasa viko kibarazani, mama watoto anauliza kila siku vinaondoka lini. Jana shemeji kapita, na yeye ana Spacio, nayo siku hizi inalia. Akavigeuza kwa mguu, akaviangalia vizuri, akaniambia, "Shem, hizi si bado nzima hizi? Unaziachia kwa ngapi?"