Mwaka mmoja nyumbani kwa watu

Kila msimu wa maombi ya YES, mpango wa Marekani wa kubadilishana wanafunzi, unapofika, wazazi hunijia na swali lile lile: mwalimu, mtoto akae Marekani mwaka mzima kisha arudi bila cheti, atakuwa amepata nini? Nafundisha shule ya upili hapa Mombasa, nawaelewa. Karo inauma na KCSE, mtihani wa kumaliza sekondari, haimngoji mtu. Hata hivyo naamini kwamba, tukizungumzia watu kuelewana, mwaka huo usio na cheti unashinda ufadhili mwingi wa digrii.

Mpango wa YES ulianzishwa na bunge la Marekani mwaka 2002, baada ya mashambulizi ya Septemba 11, ukisukumwa na maseneta Edward Kennedy na Richard Lugar. Unachukua wanafunzi wa sekondari kutoka nchi zenye Waislamu wengi, Kenya na Tanzania zikiwamo. Tiketi, bima na posho hulipwa. Familia inayompokea mwanafunzi hailipwi kitu, inajitolea tu, na hapo ndipo penye uzito wa jambo hili.

Mwanafunzi wa chuo kikuu akifika ughaibuni hupata chumba bwenini, akawatafuta Wakenya wenzake, wakapika ugali Jumapili. Miaka minne inaweza kumpita bila kujua wenyeji wanaleaje watoto wao. Mtoto wa miaka kumi na sita aliyekabidhiwa nyumba ya watu hana njia hiyo. Ana zamu ya kuosha vyombo kama wenzake. Akinuna, anaulizwa.

Binti mmoja niliyemfundisha alipelekwa mji mdogo katika jimbo la Iowa. Ramadhani ilipokaribia, mama mwenyeji alimuuliza daku huliwa saa ngapi, akatega simu yake. Usiku wa kwanza binti alishuka akamkuta jikoni na nguo zake za kulalia, ameshakaanga mayai, na mbele yake gilasi tatu za maji zimejazwa pomoni. Alimsimamia azimalize zote, kwa sababu hakuwa anaelewa mtu atashindaje na kiu mpaka magharibi. Kufikia kumi la mwisho, mama huyo alikuwa akifunga Jumamosi ili binti asifuturu peke yake. Hakusilimu, na binti hakuacha dini, jambo ambalo babu yake alilihofia sana. Lakini leo familia ile ikisikia Waislamu wanasemwa vibaya, inamkumbuka mtoto aliyekula mezani kwao.

Naye alirudi na yake. Alikuwa akidhani Mmarekani na pesa ni kitu kimoja, hadi alipomwona baba mwenyeji akitoka kazi moja kuingia nyingine, na bili ya hospitali ikajadiliwa usiku watoto wakidhaniwa wamelala.

Wapo wanaosema hizi ni siasa za Marekani tu. Ni kweli kuna siasa, na fedha zinatoka Wizara yao ya Mambo ya Nje, wala hawafichi. Hata ndege iliyowabeba wanafunzi 81 kwenda Marekani kwa juhudi za mwanasiasa wetu Tom Mboya mwaka 1959 iliruka katikati ya vita baridi, na mwaka uliofuata wakfu wa familia ya kina Kennedy ukachangia safari hizo, John F. Kennedy akiwa mbioni kuwania urais wa Marekani. Wangari Maathai, mtetezi wetu wa mazingira, aliondoka mwaka huo huo wa 1960 kwenda kusoma kwa watawa huko Atchison, Kansas. Je, alirudi kuwa kibaraka wa mtu? Mwaka 1989 alisimama kidete kupinga jumba la ghorofa 60 katika bustani ya Uhuru jijini Nairobi, na serikali nzima ikamgeukia. Mfadhili ana malengo yake, lakini hawezi kumchagulia kijana cha kufikiri.

Kinachonikera mimi kiko huku kwetu. Masharti ya viza yanamtaka mwanafunzi wa YES arudi nyumbani, na wengi hurudi na hamu kubwa ya kufanya kitu. Wanakuta darasa lao limeshasonga mbele, mwaka waliosoma Marekani hauhesabiwi, na baadhi ya shule huwaambia wazazi nafasi imeshachukuliwa. Nimemwona mzazi akizunguka na faili shule hadi shule mwezi mzima wa Januari. Halafu tunashangaa wazazi wakisita kuwaruhusu watoto!

Wizara ya Elimu ingeweza kulimaliza hili kwa waraka mmoja: shule ikimruhusu mtoto kwenda, imwekee nafasi yake mpaka arudi. Na shule ziwape hawa vijana muda wa kuzungumza na wenzao gwarideni na kwenye vilabu, kwa sababu anayekwenda ni mmoja, na wanaobaki wakiamini kila wanachokiona TikTok ni mamia.