Sikukuu ya majira ya joto Iceland: Alhamisi isogezwe?

Iceland huadhimisha Siku ya Kwanza ya Majira ya Joto kila Alhamisi ya kwanza baada ya tarehe 18 Aprili. Mwaka 2025 iliangukia tarehe 24. Kisheria ni siku ya mapumziko tangu 1971, na pendekezo la kuisogeza hadi Ijumaa au Jumatatu limeshafika hata bungeni.

Wanaolitetea wana hoja nzito. Msimu huo Alhamisi za mapumziko hufuatana: Alhamisi Kuu, hii, kisha ya Kupaa Bwana. Ijumaa watu hurudi kazini kwa siku moja tu, na anayetaka kwenda kuwaona wazazi upande wa pili wa kisiwa hapati nafasi. Tena sikukuu ya wafanyakazi wa biashara imewekwa Jumatatu ya kwanza ya Agosti, na wengi huifurahia wikiendi hiyo ndefu.

Hoja nyingine, kwamba Aprili bado ni baridi mno kuitwa majira ya joto, siikubali. Ni kweli kwamba Aprili, Reykjavík huwa na wastani wa chini ya nyuzi 5, na theluji huanguka. Lakini kalenda ya kale ya huko ilikuwa na misimu miwili tu, baridi na joto, na imani ya wazee ilikuwa kwamba usiku wa kuamkia sikukuu ukiganda barafu, majira ya joto yatakuwa ya neema.

Kalenda hiyo hiyo ndiyo iliyoichagua Alhamisi. Miezi 12 ya siku 30, ukiongeza siku 4, ni siku 364, yaani wiki 52 kamili bila salio. Kwa hiyo msimu wa joto huanza siku ile ile ya wiki, mwaka baada ya mwaka. Mwaka huo mfupi ukilitangulia jua, huongezwa wiki nzima, si siku moja. Ukiihamishia Ijumaa, mwezi wa Harpa, wa kwanza wa msimu huo, utaendelea kuanza Alhamisi, na sikukuu yake itabaki jina tu. Na hapa tunazungumzia siku ambayo watu walipeana zawadi tangu karne ya 16, kabla desturi ya zawadi za Krismasi haijaenea, na ambayo hadi leo watoto huandamana na maskauti na bendi za matarumbeta.

Mimi niko upande wa Alhamisi. Wauguzi na wauzaji wa madukani wa zamu hawapati wikiendi ndefu hata ikisogezwa. Kwa wengine, kupumzika pia Ijumaa ni suala la vyama vya wafanyakazi na waajiri kukubaliana, huku gharama yake ikitajwa waziwazi.