Mshipa wa Moyo Umebana: Lazima Stenti?

Daktari akishaweka kidole kwenye skrini kuonyesha mahali mshipa wa moyo ulipobana, ni vigumu kumwambia mgonjwa arudi nyumbani na vidonge. Kilichobana si kizibuliwe? Ndiyo maana madaktari wanaoanza na dawa huonekana kama wanamnyima mtu tiba. Nadhani hawatendewi haki.

Tuweke kando lisilo na ubishi. Mshtuko wa moyo ukishaanza, damu imeganda, mshipa umeziba na msuli wa moyo unakufa, kuuzibua haraka kwa puto na stenti, yaani kibomba kidogo cha wavu kinachoachwa ndani ya mshipa ili ubaki wazi, huokoa maisha. Huduma hiyo ikiwa mbali, ipo dawa ya kuyeyusha damu iliyoganda. Hata aspirini si ya kudharau: utafiti wa ISIS-2 wa mwaka 1988, wenye wagonjwa zaidi ya 17,000, ulionyesha kwamba peke yake ilipunguza vifo kwa karibu robo ndani ya wiki tano. Ubishi uko kwa mtu ambaye kifua humbana akipanda ngazi, akipumzika kikatulia, na hali imekuwa hiyo hiyo kwa miezi.

Tangu daktari Andreas Grüntzig alipopanua mshipa wa moyo kwa puto mjini Zürich, Uswisi, mwaka 1977, ufundi huu umeboreka sana. Utafiti wa ISCHEMIA, uliotoa matokeo mwaka 2019, ulionyesha kwamba wenye maumivu ya mara kwa mara walipata nafuu zaidi wakiwekewa stenti au kufanyiwa upasuaji kuliko walioanza na dawa tu. Lakini kati ya wagonjwa wote 5,179 wa utafiti huo, hatua hizo hazikupunguza vifo wala mishtuko ya moyo kwa kiasi cha kuaminika. Utafiti mwingine, COURAGE wa mwaka 2007, ulikuwa umeshasema hivyo.

Inawezekanaje? Tumezoea kuufikiria mshipa kama bomba lenye kutu: panapobana zaidi ndipo patakapoziba. Kumbe mara nyingi mshtuko huanza pale utando wa mafuta ulio ndani ya ukuta wa mshipa unapopasuka, damu ikaganda juu yake, na utando huo huenda haukuwa umebana njia kiasi cha kutisha. Stenti hutanua kipande kimoja. Statini (dawa za kupunguza kolesteroli), dawa za shinikizo la damu na kuacha sigara hufanya kazi katika mishipa yote, pamoja na ile ambayo hakuna aliyeinyooshea kidole.

Utafiti ninaourudia kila mara ni ORBITA, uliofanyika Uingereza na kuchapishwa mwaka 2017. Wagonjwa 200, kila mmoja akiwa na mshipa mmoja uliobana vibaya, walipewa kwanza dawa za kutosha kwa wiki sita. Kisha wote walilazwa mezani, wakapewa dawa ya usingizi mwepesi na kuvalishwa vipokea sauti vyenye muziki. Nusu wakawekewa stenti. Nusu hawakuwekewa kitu, na hawakuambiwa. Baada ya wiki sita nyingine walipimwa kwenye mashine ya kukimbilia. Waliowekewa stenti waliwazidi wenzao kwa sekunde 16.6, tofauti ambayo kitakwimu ingeweza kuwa bahati tu. Sekunde kumi na sita, kwa mshipa uliobana zaidi ya asilimia 70! Maana yake sehemu ya nafuu tunayoisifia stenti hutokana na imani ya kuwa umeshatibiwa.

Wapinzani walisema wagonjwa ni wachache na muda ni mfupi, na wana hoja. ORBITA-2 ya mwaka 2023 iliwapa nguvu zaidi: kwa wasiotumia dawa za maumivu ya kifua, stenti ilituliza maumivu kuliko utaratibu wa bandia. Basi kwa maumivu, stenti ina nafasi yake. Na utafiti wa ISCHEMIA haukuwahusu wenye mshipa mkuu wa kushoto uliobana, wala wenye moyo uliodhoofika sana.

Udhaifu wa vidonge ni kwamba watu huviacha wakijisikia vizuri. Ila aliyewekewa stenti naye hatoki kwenye vidonge: hutumia dawa mbili za kuzuia damu kuganda kwa miezi kadhaa, na akizikatisha stenti yenyewe inaweza kuziba.

Wapinzani hukumbusha pia kwamba katika COURAGE karibu theluthi moja ya walioanza na dawa waliishia kuzibuliwa mishipa ndani ya miaka mitano hivi. Ni kweli. Theluthi mbili hawakuhitaji, na kundi lililosubiri halikufa wala kupata mishtuko zaidi ya lile lililowahishwa mezani.