Ruhusu Yote

Swichi ya mtandao niliyorithishwa kazini, kifaa kinachounganisha kompyuta zote za ofisi, ilikuwa na orodha ya sheria ambayo ukiisogeza chini kwenye skrini, kidole kinachoka kabla haijaisha. Kompyuta fulani zisifike masjala. Kamera zisitoke nje. Wageni wasiione printa. Wakaguzi walipokuja waliitazama kwa heshima zote, wakasifu ulinzi wetu, wakaenda zao.

Hawakuusoma mstari wa 10, ambao ndio wa kwanza kabisa, maana nambari huruka kumi kumi: ruhusu yote, kutoka popote, kwenda popote.

Swichi husoma orodha kuanzia juu. Ikikuta mstari unaoihusu pakiti, yaani kifurushi kidogo cha data kinachopita, inaamua papo hapo, wala haisumbuki na yaliyobaki. Kwa hiyo makatazo yetu yote yalikuwa mapambo. Tangu yaandikwe, hakuna pakiti hata moja iliyowahi kuufikia mstari wa 20.

Nikamweleza bosi, nikashauri tuyapitie makatazo moja moja kabla ya kugusa kitu. Akakunja uso. "Kijana, mlinzi anayemfungulia kila mtu ni mlinzi gani? Uhamishe huo mstari uende mwisho. Leo!" Nikamwomba aniandikie. Akaniandikia, na barua pepe hiyo nimeitunza mahali pazuri.

Nikaufuta, nikauweka mwisho, nikabonyeza Enter.

Lo! Makatazo yaliyokuwa yamelala miaka na miaka yaliamka yote kwa mpigo, tena na njaa. Masjala ikatoweka. Mashine ya mahudhurio ikawa haimtambui mtu. Printa ikakaa kimya, mhasibu akaanza kuipigapiga mgongoni. Kwenye korido ni "Jamani, mtandao!" tu. Nikasema nirudishe mambo haraka, kumbe dirisha langu nalo limeganda: mtangulizi wangu alikuwa amekataza lango 22, njia ya kuiingia swichi kutoka mbali, kutoka kwenye meza ninayokalia. Enzi zake ilikuwa meza ya wanafunzi wa mafunzo, na kwa kweli simlaumu.

Ikabaki kebo ya konsoli, ambayo inaingia kwenye swichi moja kwa moja bila kuulizwa na sheria yoyote. Nikabeba laptopu hadi chumba cha mifagio, ndiko kabati la swichi liliko, bosi nyuma yangu hatua kwa hatua. Konsoli ile inakwenda kwa kasi ndogo ya biti 9600 kwa sekunde, herufi zinajikokota, naye anazisoma kwa sauti.

Nambari za mistari zikiruka kumi kumi, nafasi ya kuchomeka jambo haikosekani. Nikachomeka mstari wa 5: ruhusu yote. Korido ikatulia.

Nikafungua orodha nihakikishe. Bosi akasogeza miwani.

"Hizi tarakimu za mwishoni ni za nini?"

"Ni idadi ya pakiti zilizoukumba mstari huo, mkuu."

Mistari mingi ilikuwa na makumi. Mmoja ulikuwa na maelfu. Akaikagua anwani yake, akaikagua tena, halafu akanitazama.

"Hii si kompyuta yangu?"

"Ndiyo, mkuu."

"Nani ananikataza mimi, na kwa kosa gani?"

Sikuwa na jibu, nikafungua usanidi wote, yaani mipangilio ya swichi, maana huko ndiko maelezo ya kila mstari yanakoonekana. Juu ya mstari wake mtangulizi wangu alikuwa ameandika: *mpaka atie saini likizo yangu.*

Bosi akanyamaza kidogo, akifikiri.

"Kwani nilitia?"

"Mkuu, mstari bado upo."